Mchezo Usio na Shahidi

Bao likichezwa barazani, kila kete iko mbele ya macho ya watu. Anayetaka kuruka shimo au kudondosha kete mbili mahali pa moja inambidi awapite si mpinzani wake tu, bali na wote waliouzunguka ubao, na kati yao hakosekani mzee mmoja asiye na maneno mengi ambaye anahesabu kila kete inapotua. Michezo ya mtandaoni ililiondoa baraza hilo. Watu kumi wanakutana kwenye ramani moja, kila mmoja yuko chumbani kwake, pengine katika nchi yake, na hakuna anayeuona mkono wa mwenzake. Nimekaa na michezo hii miaka mingi, nikicheza, nikitazama mashindano, nikisoma karibu kila nilichokikuta kuhusu wizi unaofanyika ndani yake, na miaka hiyo imeniachia imani moja ambayo nataka kuitetea hapa: vita dhidi ya wadanganyifu inasuasua kwa sababu tumemwachia mlinzi peke yake, ilhali kilichopotea siku mchezo ulipohamia mtandaoni ni shahidi. Mlinzi anapekua mifuko mlangoni. Shahidi anaona kilichotendeka, anakisimulia, na anaweza kuulizwa maswali.

Kwanza tuelewe mwizi anapitia wapi. Ili mchezo uende bila kukwama, kompyuta ya mchezaji hupewa habari nyingi kuliko zile ambazo mchezaji mwenyewe anastahili kuzijua. Adui aliyejificha nyuma ya ukuta haonekani kwenye skrini, lakini habari ya mahali alipo imeshaingia kwenye kumbukumbu ya mashine, kwa sababu sekunde inayofuata huenda akachomoza na mashine lazima iwe tayari kumchora. Programu ya kuonea kupitia ukuta haifanyi muujiza wowote. Inasoma tu kile ambacho tayari kimeletwa nyumbani. Ukitazama marudio ya mchezo kupitia macho ya anayeitumia, utakiona kitu ambacho hutakisahau: alama ya shabaha imetulia juu ya ukuta mtupu, kisha inaanza kusogea taratibu kwenda kushoto, kwa mwendo uleule wa mtu anayetembea upande wa pili, inasimama anaposimama, inaendelea anapoendelea, hadi wanapokutana mlangoni na risasi moja inamaliza kazi. Aliyeuawa hakuona lolote la ajabu. Kwa upande wake, amekutana na mtu hodari.

Kwa hiyo dawa ya kwanza, na iliyo bora, ni kutoipeleka siri nyumbani kwa mtu. Historia ya Diablo inalionyesha hili vizuri. Mchezo ule ulipotoka mwishoni mwa 1996, mhusika wa mchezaji, pamoja na silaha na mali zake zote, alihifadhiwa kwenye kompyuta ya mchezaji mwenyewe, na haikuchukua muda watu wakawa wanajiandikia utajiri wanaoutaka. Diablo II ya mwaka 2000 ilikuja na uamuzi tofauti: wahusika wa mtandaoni waliwekwa kwenye seva za Battle.net, mchezaji akabaki na haki ya kuomba tu, na seva ikawa ndiyo inayokubali au kukataa. Wizi haukuisha, maana watu waligundua mbinu za kuzalisha nakala za vitu vyenye thamani, lakini mlango mpana kuliko yote ulifungwa. Riot Games nao wamefanya jambo la aina hiyo katika Valorant, ambapo seva hujitahidi kuificha mashine yako mahali alipo adui mpaka anapokaribia kuonekana. Natamani kila mbunifu wa michezo aanzie hapa kabla hajafikiria kitu kingine. Lakini njia hii ina mwisho wake. Adui akishasimama mbele yako, mashine yako lazima ijue alipo, la sivyo huwezi kucheza. Na habari hiyohiyo ndiyo inayoitosheleza programu inayolenga shabaha kwa niaba ya mtu. Hapo ubunifu unafika ukingoni, na mlinzi anaitwa.

Walinzi wamekuwapo kwa muda mrefu. PunkBuster ilianza mwaka 2000, Valve wakaleta VAC mwaka 2002 kwa ajili ya Counter-Strike, na kila kizazi kilichofuata kimesogea ndani zaidi ya kompyuta ya mchezaji, hadi Vanguard ya Riot, iliyoanza mwaka 2020, ambayo inakaa kwenye kiini cha mfumo wa Windows na kuamka pamoja na mashine, kabla hata mchezo haujafunguliwa. Sina ugomvi na wanaosema kwamba walinzi hawa wanafanya kazi. Wanafanya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walipolichunguza soko la programu za wizi, walikuta kwamba michezo yenye ulinzi mkali ndiyo ambayo programu zake zinauzwa ghali. Hilo si jambo dogo, kwa sababu wengi wa wanaodanganya si mafundi, ni wateja. Wanalipia kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na kuna wanaotajirika kwa malipo hayo. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakisaidiana na kampuni ya Tencent, walilivunja kundi lililokuwa likiuza programu hizo, na mali zilizokamatwa, magari ya kifahari yakiwemo, zilikadiriwa kufikia dola milioni 46. Biashara ya ukubwa huo ikipandishiwa gharama, kijana aliyekuwa na hamu ya kujaribu tu anaghairi. Korea Kusini wamekwenda mbali zaidi wakatunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2017, inayoweza kumfunga hadi miaka 5 anayezitengeneza na kuzisambaza.

Ila mlinzi ana udhaifu wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba kadiri unavyomwingiza ndani, ndivyo yeye mwenyewe anavyozidi kuwa hatari. Mwaka 2013 iligundulika kwamba programu ya ulinzi ya ligi ya ESEA nchini Marekani ilikuwa ikichimba bitkoini kwa siri kwenye kompyuta za wachezaji waliolazimika kuiweka. Shauri lililofuata katika jimbo la New Jersey likaishia kwenye makubaliano ya dola milioni 1. Mwaka 2022 wataalamu wa Trend Micro walieleza jinsi wahalifu walivyolichukua faili la ulinzi la mchezo wa Genshin Impact, faili halali lenye saini halali, wakalitumia kuzima antivirusi kwenye kompyuta za watu ili wawafungie mafaili yao na kudai kikomboleo. Kompyuta hizo hazikuhitaji hata kuwa na mchezo wenyewe. Anayesema kwamba asiye na cha kuficha hana haja ya kuogopa programu inayokaa kwenye kiini cha mashine yake anasahau kwamba hatari haitoki kwa mwenye nyumba. Inatoka kwa ufunguo uliotengenezwa na mtu mwingine, ambao siku moja unaweza kuangukia mkono wa tatu.

Udhaifu wa pili ndio unaonisumbua zaidi: mlinzi anaona vitu, haoni vitendo. Anachunguza faili gani lipo na kumbukumbu ya mashine imeguswa wapi, halafu anahukumu kutokana na hayo. Mwaka 2010 VAC iliwafungia kimakosa wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2, kwa sababu ya hitilafu ya mfumo wenyewe wa Valve, kampuni ikaomba radhi na kuwapa mchezo wa Left 4 Dead 2 kama fidia. Mwaka 2023 watengenezaji wa AMD walitoa toleo jipya la programu ya kadi zao za picha, lenye kipengele cha kupunguza ucheleweshaji, na waliokiwasha ndani ya Counter-Strike 2 wakajikuta wamefungiwa, kwa sababu machoni mwa mlinzi kipengele kile kiliigusa kumbukumbu ya mchezo kama programu ya wizi inavyoigusa. Kisha ikaja Machi 2024, katika fainali za Amerika Kaskazini za Apex Legends, pale mvamizi alipowawashia wachezaji wawili mashuhuri programu za udanganyifu katikati ya mechi, bila ridhaa yao, huku maelfu wakitazama moja kwa moja. Mmoja wao alianza kuwaona wapinzani kupitia kuta, akashtuka na kulisema hilo palepale. Mashindano yakaahirishwa. Fikiria kama tungekuwa na ripoti ya mlinzi tu, isiyo na picha wala sauti: akaunti fulani, saa fulani, programu haramu imekutwa ikifanya kazi. Kila neno lingekuwa kweli, na hukumu ingekuwa dhuluma tupu.

Sasa linganisha na yale yaliyofanywa na mashahidi. Oktoba 2018, huko Shanghai, katika mashindano ya Counter-Strike ambapo timu zilikaa ukumbi mmoja, mwamuzi alimtilia shaka mchezaji wa timu ya OpTic India, akamwendea hadi kwenye kiti chake. Video ya tukio hilo inaonyesha mchezaji akihangaika kumzuia asiifikie kompyuta, mikono ikishindania kipanya. Faili walilolikuta lilikuwa limepewa jina la word.exe, ili mpita njia adhani ni programu ya kuandikia barua. Alifungiwa miaka 5, na timu yake ikavunjwa. Lililomnasa ni jicho la mtu aliyesimama nyuma yake. Miaka miwili baadaye, Septemba 2020, tume ya uadilifu ya ESIC iliwaadhibu makocha 37 wa mchezo huohuo, waliotumia hitilafu iliyowawezesha kutazama sehemu ya ramani wasiyoruhusiwa kuiona. Hapo hapakuwa na programu yoyote ya kukamatwa. Mlinzi angewapekua hadi leo asipate kitu. Walinaswa kwa sababu mechi zilikuwa zimerekodiwa na rekodi zimetunzwa, na watu walikaa chini wakazirudia moja baada ya nyingine, wakirudi nyuma miaka kadhaa.

Jaribio kubwa zaidi la kurudisha baraza lilikuwa lile la Valve wenyewe. Mwaka 2013, ndani ya Counter-Strike: Global Offensive, walianzisha utaratibu walioupa jina la Overwatch, ambapo wachezaji wenye uzoefu walipewa kipande cha raundi 8 za mshukiwa, kilichofutwa majina yote, wakaamua kama ushahidi unatosha kuondoa shaka au hautoshi. Kila mwamuzi alipewa uzito kulingana na usahihi wa hukumu zake za nyuma, na baadhi ya kesi zilikuwa za kumpima yeye mwenyewe. Baadaye kampuni ikaongeza mashine iliyojifunza kutokana na hukumu hizo, VACnet, ambayo kazi yake ilikuwa kupitia mechi na kupeleka kesi mbele ya waamuzi haohao. Mhandisi John McDonald alieleza matokeo yake katika mkutano wa watengenezaji michezo wa GDC mwaka 2018, na takwimu zake nimezirudia kichwani mara nyingi. Kesi zilizopelekwa kwa malalamiko ya wachezaji ziliishia kwenye hatia kwa asilimia 15 hadi 30. Zilizopelekwa na mashine ziliishia kwenye hatia kwa asilimia 80 hadi 95.

Wengi huzisoma takwimu hizo kama ushindi wa mashine dhidi ya binadamu. Mimi nazisoma vingine. Waliohukumu pande zote mbili walikuwa binadamu. Mashine ilichagua tu nani apelekwe mbele yao. Na kilichoshindwa kwenye zile asilimia 15 hadi 30 ni hasira ya aliyepigwa, wala si jicho la shahidi. Mtu aliyeuawa mara tano mfululizo anabonyeza kitufe cha kuripoti akiwa na uhakika kamili, na mara nyingi ushahidi haumuungi mkono. Ni kweli kwamba kesi isiyothibitika haina maana kwamba mshukiwa ni msafi. Mwizi mwangalifu anaweza kupita katika raundi 8 bila kujifichua. Hata tukiwaongezea wezi wangapi wa namna hiyo, pengo linabaki kubwa, nalo linatuambia kwamba shaka imeenea kuliko wizi wenyewe. Haya ndiyo madhara ambayo hesabu ya akaunti zilizofungiwa haiyaonyeshi. Mdanganyifu mmoja anaharibu mechi za watu tisa jioni moja, lakini shaka aliyoiacha inawafuata hao tisa kwenye mechi mia zinazofuata, na kila mchezaji hodari watakayekutana naye atalipishwa deni lisilo lake.

Tena shaka hiyo inazaa wezi wapya. Mwaka 2012 Jeremy Blackburn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wachezaji zaidi ya milioni 12 wa mtandao wa Steam, ambao kati yao zaidi ya 700,000 walikuwa wamewekewa alama ya udanganyifu, na wakaona kwamba wadanganyifu wamekaa karibu na wadanganyifu wenzao: mwenye marafiki wengi wenye alama hiyo alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata naye. Waliona pia kwamba mtu akishawekewa alama hupoteza marafiki. Ninavyoelewa mimi, kijana halisi haamki siku moja akaamua kuwa mwizi. Anaanza kwa kuamini kwamba kila anayemshinda anaiba, anaona rafiki yake anaiba na hakuna linalompata, kisha anajiambia kwamba anasawazisha tu. Hukumu ikitolewa kimya kimya, miezi baada ya kosa, bila yeyote kujua ni ya nini, haigusi imani hiyo hata kidogo. Hukumu inayoonekana inaigusa, na ule utafiti wenyewe unaonyesha kwamba macho ya marafiki yana uzito.

Kampuni zina pingamizi lao, na ni zito. Wanasema wakieleza sababu za kila hukumu watakuwa wanawafundisha watengenezaji wa programu za wizi mahali walipokosea. Ndiyo maana VAC ilizoea kuchelewesha adhabu na kuwafungia watu kwa mkupuo, ili muuzaji asijue ni toleo lipi lililomponza. Nalikubali hilo kwa upande wa mlinzi. Alama anazozitambua zibaki siri yake. Lakini marudio ya mechi hayamfichui mlinzi kwa lolote. Mshukiwa anajua tayari alichokifanya. Ukimwonyesha shabaha yake ikimfuata mtu aliye nyuma ya ukuta, humfundishi kitu. Kwa hiyo zitenganishwe hukumu za aina mbili. Inayotokana na faili lililokutwa inaweza kubaki bila maelezo marefu, ila iwe na rufaa inayosikilizwa na binadamu. Inayotokana na vitendo iambatane na ushahidi wake, na mshukiwa apewe nafasi ya kuutazama na kuujibu.

Wapo pia wanaosema kwamba huu ni mchezo tu, na mahakama, rufaa na ushahidi ni mambo makubwa kuliko kosa lenyewe. Kombe la Dunia la Fortnite la 2019 jijini New York lilikuwa na zawadi za dola milioni 30, na kijana wa miaka 16 aliondoka na milioni 3. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya fedha. Mtu aliyetoka kazini na kutenga saa moja ya kucheza ameiweka saa hiyo mikononi mwa kanuni za mchezo, na ana haki ya kanuni hizo. Ninachokubaliana na wenye pingamizi hili ni kwamba adhabu iwe na kipimo. Mwaka 2017 Epic Games walimfungulia kesi mvulana wa miaka 14 kuhusu udanganyifu katika Fortnite, na mama yake akaiandikia mahakama kupinga. Sheria ilimwendea mtoto wakati soko lililokuwa likiwauzia watoto liliendelea kufanya biashara. Kesi ya kampuni ya michezo ya Bungie dhidi ya AimJunkies, wauzaji wa programu za wizi, iliyoamuliwa na baraza la wazee wa mahakama huko Seattle mwaka 2024, iliielekeza sheria mahali pake, kwa muuzaji.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yana uzito wa pekee. Wachezaji wetu wengi wako kwenye simu, katika PUBG Mobile na Free Fire, na mara nyingi seva wanazochezea ziko mbali, Ulaya, Ghuba au Johannesburg. Mtandao ukiyumba, mchezaji wa Dodoma au Kisumu anaonekana kwa mpinzani wake akiruka kutoka jiwe hili hadi lile, risasi zake zinafika zote kwa pamoja, na ripoti inaandikwa. Adhabu ya kufungia kifaa chenyewe, ambayo kampuni huipenda kwa sababu mwizi hawezi kuikwepa kwa kufungua akaunti mpya, huku kwetu inaangukia mtu mwingine kabisa. Simu na kompyuta zinauzwa na kuuzwa tena; mashine iliyotumika Dubai inafika Kariakoo au Luthuli Avenue ikiwa imefutwa kila kitu isipokuwa namba zake za ndani, na kama namba hizo zimeshafungiwa, mnunuzi anarithi kosa asilolijua. Kwenye vibanda vya gemu mashine moja inatumiwa na vijana wengi kwa siku moja. Mlinzi hana njia ya kuwatofautisha, wala hakuandikiwa kuwatofautisha.

Tusingoje kampuni za mbali zitutengenezee. Waandaaji wa mashindano yetu, yale ya mtaani yenye kiingilio cha shilingi elfu chache na yale ya wadhamini, wanaweza kuanza na kanuni moja: hakuna mechi ya zawadi bila rekodi. Kila mchezaji arekodi skrini ya simu yake tangu mwanzo hadi mwisho, faili likabidhiwe kabla matokeo hayajatangazwa, na litunzwe msimu mzima. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi yakitaja raundi na dakika. Waamuzi watatu wasioijua timu ya mshukiwa watazame bila majina, kila mmoja aandike uamuzi wake kabla ya kuwasikia wenzake, halafu mshukiwa aitwe, aonyeshwe kipande kinacholalamikiwa na apewe nafasi ya kueleza. Ni kweli rekodi itakula chaji na nafasi kwenye simu ambazo tayari zimejaa, na baadhi ya simu za bei nafuu zitapungua kasi. Kwa hao mwandaaji aweke mtu nyuma ya kiti chao, au awape simu ya mashindano. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti pamoja na zawadi na fulana, na mshindi akishatangazwa, rekodi za fainali ziwekwe wazi zitazamwe na kila aliyelipa kiingilio.